Kwa nini mtunzi wa ‘Dutchman’ alijivika jina la Kiswahili

JINA Amiri Baraka likitajwa katika darasa la fasihi hapa nchini, hakosi mwanafunzi wa kuuliza kama mwenyewe ni mtu wa Lamu au Zanzibar. Si ajabu. Pande zote mbili za jina hilo tunazo katika Kiswahili cha kila siku. Rais wetu ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na hakuna harusi wala harambee inayoisha kabla ya mtu kusimama kuomba baraka. Kumbe mwenye jina alizaliwa Newark, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, tarehe 7 Oktoba 1934, akaitwa Everett Leroy Jones. Alikuwa mshairi, mwandishi wa tamthilia, mhakiki wa muziki wa jazi, na mbishi wa kupigiwa mfano hadi alipofariki Januari 9, 2014, katika mji uo huo wa Newark.

Leo nataka kuangazia upande mmoja tu wa kazi yake, yaani jukwaa na filamu. Wahakiki wengi humsifu kwa tamthilia yake ya Dutchman ya mwaka wa 1964, kisha husimulia miaka iliyofuata kana kwamba mwandishi hodari alipotea njia akaingia siasa. Mimi siafiki. Ukiisoma Dutchman kwa makini utagundua kwamba tamthilia yenyewe ndiyo iliyomtoa mtunzi wake katika ukumbi uliompa sifa. Na katika safari hiyo ya kutoka, Kiswahili chetu kilibebwa kama mzigo wa thamani, ingawa si kila mara kilibebwa kwa namna ambayo sisi wenyewe tungekibeba.

Tuanze mwanzo. Kijana Jones alisoma Chuo Kikuu cha Howard, akajiunga na jeshi la anga, na mwaka wa 1957 akatimuliwa kwa kushukiwa kuwa mkomunisti. Alihamia Greenwich Village, mtaa wa wasanii jijini New York. Huko alimwoa Hettie Cohen, mwanamke Myahudi, wakaanzisha pamoja jarida la mashairi lililoitwa Yugen. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1961. Mnamo 1963 alichapisha Blues People, kitabu kuhusu muziki wa Wamarekani weusi ambacho hadi leo hakiwezi kurukwa na yeyote anayetafiti historia ya jazi. Wakati huo akiandika kwa jina la LeRoi Jones, marafiki zake wengi walikuwa washairi wazungu, naye alikuwa mmoja wa sauti chache nyeusi katika baraza lao.

Machi 1964, Dutchman iliigizwa katika ukumbi wa Cherry Lane, mle mle Greenwich Village. Miongoni mwa walioidhamini alikuwemo Edward Albee, mtunzi maarufu wa tamthilia. Mwaka huo ikatuzwa Obie, tuzo inayotolewa kwa maigizo ya kumbi ndogo za New York, kama tamthilia bora ya Kimarekani.

Ploti yake ni nyepesi mno. Kijana mweusi wa miaka 20 hivi, Clay, amekaa ndani ya treni inayopita chini ya ardhi. Ni siku ya joto, lakini yeye amejifunga suti na tai. Anaingia Lula, mwanamke mzungu wa miaka kama 30, anatafuna tofaa. Wanaanza kupiga gumzo. Lula anamtongoza, anamdhihaki, anamtongoza tena. Anadai anamjua, kwa kuwa vijana wa aina yake ni wale wale. Anaicheka suti yake. Behewa linazidi kujaa abiria, Lula anaanza kucheza na kupayuka, na mwishowe Clay, ambaye hadi hapo amevumilia kwa adabu, analipuka.

Lipuko hilo ndilo moyo wa tamthilia. Clay anasema, kwa ufupi wangu, kwamba wazungu wanaosherehekea blues na jazi hawaelewi wanachokisikia. Bessie Smith na Charlie Parker, kwa maoni yake, wasingehitaji kuimba wala kupuliza saksafoni hata noti moja kama wangeweza kuwaua watu kadhaa barabarani. Usanii wote huo ni hasira iliyogeuzwa njia. Hata yeye mwenyewe, anayejiona mshairi, anajificha nyuma ya maneno kwa sababu maneno ni salama. Baada ya kusema hayo anachoka, anaamua kubaki na usalama wake, anainama kuchukua vitabu vyake ateremke. Lula anamdunga kisu. Abiria wengine, waliokuwa wametulia tuli muda wote, wanatii amri yake na kuitupa maiti nje. Kisha anaingia kijana mwingine mweusi, naye ana vitabu kwapani, na Lula anamkazia macho.

Hebu fikiria nani walikuwa wamekaa Cherry Lane usiku ule. Ni wasomi wa Greenwich Village, wazungu wapenda jazi, waliolipa viingilio kumsikiliza mwandishi mweusi akieleza kwamba sanaa yake ni kibadala cha kisu. Wakapiga makofi, wakampa tuzo. Sasa mwandishi afanye nini? Kila kofi lilikuwa linathibitisha hoja ya Clay, kwamba hasira ikishapangwa vizuri jukwaani inakuwa burudani. Nadhani hapo ndipo LeRoi Jones alipogundua kwamba amekaa katika kiti cha Clay, na tai shingoni.

Tamthilia hiyo ilisafiri upesi. Mfaransa Jean-Luc Godard alitia onyesho lililotokana nayo, ndani ya treni ya Paris, katika filamu yake Masculin féminin ya 1966. Filamu kamili ya Dutchman ikaongozwa na Anthony Harvey, Mwingereza aliyekuwa mhariri wa filamu na ambaye hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuiongoza. Ilitengenezwa studioni Uingereza, kwa rangi nyeusi na nyeupe, na haifiki saa nzima. Al Freeman Jr. aliigiza Clay, na Shirley Knight akamwigiza Lula kwa ustadi uliompa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Venice la mwaka wa 1967.

Filamu hiyo haikubadilisha maneno mengi ya jukwaani, na wengi huisifu kwa uaminifu huo. Mimi naona imepoteza kitu. Ukumbini, mtazamaji yumo ndani ya behewa. Lula akipayuka, anapayuka mbele yako. Abiria wakinyamaza, nawe umenyamaza pamoja nao kwa sababu umefunzwa kwamba mtu akiigiza hukatizwi usemi wake. Ukimya wako unakufanya mshiriki katika mauaji. Kamera haiwezi kufanya hivyo. Inasogelea jasho la Clay na meno ya Lula yakizama kwenye tofaa, na yote yanaonekana kwa karibu kuliko ukumbini, lakini abiria wa filamu ni abiria wa filamu. Wewe umekaa gizani, huna hatia. (Knight, kusema kweli, anatisha. Tuzo ilimstahili.)

Basi, mtunzi alikwenda wapi? Malcolm X aliuawa Februari 21, 1965. Muda mfupi baadaye Jones aliiacha familia yake na marafiki zake wa Greenwich Village akahamia Harlem. Huko alishirikiana na wenzake kuanzisha jumba la maigizo na shule ya sanaa ya watu weusi, Black Arts Repertory Theatre/School. Majira ya joto ya mwaka huo walipakia jukwaa kwenye malori wakazunguka mitaani, wakiigiza na kusoma mashairi kwenye pembe za barabara na viwanja vitupu, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kukata tiketi ya Cherry Lane. Sehemu ya pesa ilitoka kwenye mfuko wa serikali wa kupambana na umaskini. Wanasiasa waligundua wanalipia nini, makelele yakaanza. Ndani nako wasanii waligombana. Kabla mwaka haujaisha, Jones alikuwa amerudi kwao Newark, na mradi ukafa. Lakini mbegu ilikuwa imepandwa. Vikundi vya aina hiyo vilichipuka katika miji mingine ya Marekani, na leo kipindi hicho kinafunzwa vyuoni kama Harakati ya Sanaa ya Weusi.

Huko Newark alifungua Spirit House, nyumba ya makazi iliyogeuzwa kuwa ukumbi wa maigizo, na akamwoa Sylvia Robinson, mwigizaji na mshairi. Ghasia za Julai 1967 zilipozuka mjini humo, polisi walimkamata, wakampiga, wakamshtaki kwa kupatikana na bunduki. Wakati wa kumhukumu, jaji alisoma shairi lake mahakamani kama sababu ya kumpa kifungo kikali. Hukumu ilitupiliwa mbali baada ya rufaa. Clay alidhani maneno ni salama. Mtunzi wake aliyasikia maneno yake mwenyewe yakisomwa na mtu wa serikali ili yamfunge.

Ni katika kipindi hicho alipopata jina tunalolijua. Kiongozi wa Kiislamu aliyemzika Malcolm X alimpa jina la Kiarabu, Ameer Barakat, na mkewe akaitwa Amina. Baadaye, kwa ushawishi wa Maulana Karenga wa Los Angeles, mwanzilishi wa sherehe ya Kwanzaa, aliliswahilisha. Tazama kilichofanyika. Ameer ilitiwa irabu mwishoni ikawa Amiri, kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti. Barakat, ambayo katika Kiarabu ni wingi, ilipoteza konsonanti yake ya mwisho ikawa Baraka, neno ambalo kwetu halibadiliki katika umoja wala wingi: baraka hii, baraka hizi. Mbele yake akaongezewa cheo cha Imamu. Ni shina hilo hilo la Kiarabu lililozaa jina Barack, la rais wa Marekani ambaye baba yake alikuwa Mkenya.

Mafundisho ya Karenga yaliitwa Kawaida, na nguzo zake saba nazo zote zina majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Najua wapo wasomi wetu wanaocheka wakiyasikia. Hebu tuyapime kabla ya kucheka. Kujichagulia ni neno lililoundwa sawasawa: ku-, kisha kirejeshi -ji-, kisha kitenzi chagua kikiwa katika kauli ya kutendea. Kosa halina. Ila Mswahili akizungumzia haki ya taifa kuamua mambo yake atasema kujiamulia. Kujichagulia kunanikumbusha zaidi mtu aliye dukani anayechambua nyanya. Ujima ni neno zuri la kulima kwa kusaidiana, ambalo waandishi wa siasa wa Tanzania wamelitumia pia kuelezea mfumo wa kale wa jamii kabla ya matabaka. Na Kawaida? Katika Kiarabu asili yake ni kanuni au msingi, na hiyo ndiyo maana aliyoitaka Karenga, lakini Nairobi ukiambiwa kitu ni cha kawaida unaelewa hakina lolote la ajabu. Baraka na wenzake walipopanga kujenga jengo la makazi mjini Newark mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliliita Kawaida Towers. Wazungu wa mtaa ule waliupinga mradi huo kwa nguvu hadi ukakwama. Nashuku hawakujua wanaandamana dhidi ya neno la kawaida.

Swali zito zaidi ni hili: mbona Kiswahili, ilhali mababu wa Wamarekani weusi walio wengi walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola? Jibu ni la kisiasa. Kiswahili si mali ya kabila moja, kinavuka mipaka, na kilikuwa lugha ya Tanzania ya Nyerere, aliyekuwa ameandika kuhusu Ujamaa tangu 1962. Walichagua lugha ya mahali walikotaka kwenda, wakaiacha ile ya mahali walikotoka. Unaweza kubishana na uchaguzi huo, lakini usiuite ujinga.

Jambo linalonivutia ni kwamba alipoandika tamthilia yake ya Slave Ship mnamo 1967, hakutumia Kiswahili hicho. Humo watumwa walio katika ngama, yaani tumbo la meli, wanalia kwa Kiyoruba na kuwaita Obatala na Shango. Baraka alijua vyema meli zile zilitoka wapi. Kiswahili alikiweka kwenye majina ya watu, vyeo, shule na majengo. Kiyoruba akakipeleka jukwaani, kwenye kumbukumbu. Huo ni mgawanyo wa kazi wa lugha mbili ambao sijaona ukijadiliwa vya kutosha.

Slave Ship haina mazungumzo mengi. Ukiisoma kitabuni utaimaliza haraka na kushangaa sifa zote zilitoka wapi, kwa kuwa kurasa zimejaa maelekezo ya jukwaa: giza, ngoma, minyororo, vilio, hata harufu. Ilipoigizwa Brooklyn mwaka wa 1969 chini ya uongozi wa Gilbert Moses, watazamaji walikalishwa kukizunguka chombo kilichokuwa kikiyumba, sauti za walio ngamani zikiwafikia kwa karibu. Mwishoni walialikwa kuinuka na kucheza ngoma. Mwandishi aliyepata tuzo kwa makali ya ulimi wa Clay alikuwa ameandika tamthilia ambayo maneno karibu yametoweka. Kwangu, hilo ni jibu la moja kwa moja kwa Dutchman. Kama maneno mazuri yanamfanya mtazamaji apige makofi na kwenda zake, basi mnyime maneno, mtie ndani ya meli.

Sisemi kila alichokifanya kilikuwa cha kusifiwa. Mashairi yake kadhaa ya miaka hiyo yana chuki dhidi ya Wayahudi, chuki ambayo yeye mwenyewe baadaye aliikana. Kawaida nayo iliwafunza wanawake kunyenyekea kwa waume zao, na ni Amina, mkewe, aliyekuwa mstari wa mbele kuyapinga mafundisho hayo ndani ya chama chao. Kuna tamthilia zake fupi ambazo leo zinasomeka kama hotuba za kisiasa zilizogawanywa kwa wahusika.

Juni 1974 alifika Dar es Salaam kuhudhuria Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere. Kwa mara hiyo mtu mwenye jina la Kiswahili alikuwa katika mji ambao jina lake lilieleweka hata na mwuza kahawa. Huko mjadala mkubwa ulikuwa kati ya waliotazama rangi na waliotazama matabaka. Katika mwaka huo huo Baraka aliiacha Kawaida, akajitangaza mfuasi wa Marx, na akakivua cheo cha Imamu. Amiri Baraka hakuliacha. Mwanawe, Ras Jua Baraka, ambaye jina lake la kati ni jua letu hili la mchana, ndiye aliyechaguliwa meya wa Newark mwaka wa 2014, miezi michache baada ya baba yake kufariki.

Kwenye filamu hakuwahi kupata makao. Mnamo 1968 aliongoza filamu fupi ya hali halisi, The New-Ark, kuhusu watu wa Spirit House na siasa za mji wake. Miaka 30 baadaye alitokea katika Bulworth ya Warren Beatty, vichekesho vya kisiasa kuhusu seneta anayeanza ghafla kusema ukweli. Humo Baraka ni mzee ombaomba mwenye nywele za rasta anayejitokeza barabarani na kumhimiza seneta awe roho hai, asikubali kuwa mzuka. Ni dakika chache tu, lakini ameziiba zote. Watengenezaji wa Hollywood walimpa nafasi ya mtu anayepiga kelele kando ya barabara, na nahisi alielewa vizuri dhihaka iliyomo. Mwaka wa 2002 alisikika tena, katika albamu ya kundi la hip-hop la The Roots. Mwaka huo huo aliteuliwa mshairi rasmi wa jimbo la New Jersey, akasoma shairi kuhusu mashambulizi ya Septemba 11 lililozua hasira, likashutumiwa kuwa na chuki ya Kiyahudi. Gavana alimtaka ajiuzulu, akakataa. Sheria haikuruhusu afutwe kazi, kwa hiyo mwaka wa 2003 wabunge waliufuta wadhifa wenyewe.

Dutchman nayo haijazeeka. Cherry Lane waliirudisha jukwaani mnamo 2007, na mwaka wa 2025 ilionyeshwa filamu mpya iliyotokana nayo, André Holland akiwa Clay na Kate Mara akiwa Lula.

Nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje katika Kiswahili. Shida inaanzia kwenye kichwa. Mholanzi? Neno hilo linampa msomaji uraia wa mtu na kuishia hapo, ilhali mtunzi alikuwa akizidokeza meli mbili: ile ya mizimu ya Mholanzi inayotangatanga baharini milele katika hadithi za mabaharia wa Ulaya, na ile iliyosemekana kuwa ya Waholanzi iliyowafikisha Waafrika Virginia mwaka wa 1619. Labda tungeiita Merikebu. Clay ni udongo wa mfinyanzi, nalo jina hilo tungeliacha lilivyo na kupoteza maana yake, au tumwite kijana Udongo na kuchekwa. Halafu kuna mwisho. Baada ya mauaji, kondakta mzee mweusi anapita katikati ya behewa akitembea kwa madaha kama anayecheza, anamsalimu yule kijana mpya kama mtu wa damu moja naye, kisha anampa Lula heshima kwa kushika kofia yake. Salamu ile ni neno moja, na humo ndimo usaliti wote ulimo. Ndugu kuna harufu ya Ujamaa. Kaka kuna upole mno. Kondakta wetu wa matatu angesema bro, na abiria wote wangemwelewa.